Kicheko Katika Riwaya za Georgette Heyer

Mwaka 1927 mwandishi Mwingereza Georgette Heyer alimfuata mumewe, mhandisi wa madini, huku Tanganyika. Waliishi porini, katika kibanda cha nyasi. Humo ndimo alimoandika The Masqueraders, riwaya ya mapenzi iliyotoka mwaka 1928: muda mfupi baada ya maasi yaliyoshindwa ya mwaka 1745, kaka na dada wanabadilishana mavazi, dada anatembea na upanga kiunoni na kaka anajipepea kwa kipepeo cha kike mbele ya mabwana, ili kuwaepuka waliotaka roho zao. Hofu ni ya kweli, lakini msomaji anacheka kila ukurasa.

Alianza kuchekesha nyumbani. Akiwa na miaka 17 alimsimulia hadithi mdogo wake Boris, aliyekuwa mgonjwa, ili kumchangamsha. Hadithi hiyo ikawa The Black Moth, iliyochapishwa mwaka 1921.

Baadaye hadithi zake zikahamia Uingereza ya miaka ya 1811 hadi 1820, wakati mwana wa mfalme alipotawala kwa niaba ya babake mgonjwa. Aliyefungua njia hiyo ni Jane Austen, aliyeishi enzi hizo na aliyejua kuwa wapenzi wanaojibizana kwa akili hunoga kuliko wanaozimia. Heyer hakuishi huko, kwa hiyo alilazimika kuchimbua: misemo ya vijiweni, bei za vitu, mikato ya makoti. Hata alinunua barua ya Duke wa Wellington, jenerali wa enzi hizo, ili ajue jinsi alivyoandika. Utani wake unauma kwa sababu kila neno lina umri wake sahihi.

Mimi naipenda zaidi Cotillion, ya mwaka 1953. Mzee bahili ameapa kumrithisha Kitty, binti aliyemlea, mali yake iwapo tu ataolewa na mmoja wa wajukuu wa ndugu zake. Kitty anamshawishi mmoja wao, Freddy, mtanashati asiyesifika kwa akili, wajifanye wachumba. Freddy anamtembeza London, na wanapofika kwenye sanamu mashuhuri za Ugiriki anashangaa: hazina vichwa, hazina mikono! Tunamcheka. Kisha mambo yanaharibika, wajanja wote wanakwama, na Freddy peke yake ndiye aliyekumbuka kibali cha ndoa ya binamu yake. Heyer ametuchekesha mpaka tukampenda mtu tuliyemdharau, na Kitty kampenda pamoja nasi. Sijui mbinu ya mapenzi iliyo bora kuliko hiyo.

Wahakiki wa magazeti hawakumjali sana, na waliona vitabu vyake ni burudani tupu. Waliikosea burudani. Mwanamke mmoja aliyefungwa kisiasa nchini Romania alimwandikia kwamba kwa miaka 12 gerezani aliwasimulia wenzake Friday's Child, kichekesho cha mwaka 1944 kuhusu vijana wawili waliooana kabla ya kupevuka, na ndicho kilichowazuia wasirukwe na akili. Heyer aliitunza barua hiyo.