Jeki ya haidroli

Jeki ya haidroli ni mashine ya kuinulia mizigo mizito, hasa magari, kwa kutumia kimiminika kilichofungiwa katika silinda mbili zilizounganishwa, moja nyembamba na nyingine pana. Hufuata kanuni ya Mfaransa Blaise Pascal (1623–1662): kanieneo inayotiwa kwenye kimiminika kilichofungiwa husambaa kwa usawa pande zote. Mwingereza Joseph Bramah alipata hataza ya mashine ya kugandamizia yenye kanuni hiyo mwaka 1795.

Pistoni ya silinda nyembamba yenye eneo la sm² 2 ikisukumwa kwa kani ya N 100, pistoni ya silinda pana yenye sm² 100 husukumwa kwa N 5,000, bila kuhesabu msuguano. Kazi, hata hivyo, haiongezeki: pistoni ndogo husogea jumla ya sm 50 ili kubwa ipande sm 1, ndiyo maana mpini unaosukuma pistoni ndogo hupigwa mara nyingi. Vali huzuia kimiminika, ambacho kwa kawaida ni mafuta, kurudi nyuma. Skrubu ya kuachilia ikilegezwa, mzigo hushuka. Mafuta hufaa kwa kuwa hayabonyei kwa urahisi, hulainisha vipuri na huzuia kutu. Hewa ikiingia hubonyea, na jeki hudhoofika. Kanuni hiyo hiyo huendesha breki za magari na mikono ya katapila.