Gari la Vijana Lililogeuka Hazina ya Wazee

Chukua magari mawili ya Kimarekani ya aina moja, Pontiac GTO ya mwaka 1966, yote mekundu, yote yakiwashwa yanatikisa vioo vya jirani. La kwanza mwenyewe kalitia injini mpya yenye nguvu kuliko ya zamani, breki za diski, giaboksi ya gia tano na mikanda inayopita begani. La pili halijaguswa. Injini ni ileile lililotoka nayo kiwandani, breki ni za dramu zinazochoka mapema ukiteremka mlima, na mkanda ni wa kiunoni tu. Mwite fundi yeyote wa gereji za kwetu achague. Atachukua la kwanza na wala hatageuka nyuma. Sasa mwite mkusanyaji wa magari wa kule Marekani. Huyo atainama, atawasha tochi, atasoma namba zilizogongwa kwenye chuma cha injini, halafu atatoa pesa kwa ajili ya lile la pili. Eti kwa sababu halijaguswa!

Mimi sina gari, na kwa hali ya mfuko wangu sitarajii kulipata kesho. Nilimaliza kidato cha nne, na tangu hapo kazi yangu kubwa ni kuihangaikia riwaya ambayo mhusika wake ni kijana wa huku aliyezamia Detroit akapata kibarua gereji. Nikajiambia siwezi kumpa mtu spana mkononi ilhali mimi mwenyewe sijui anafungua nini. Basi nikasoma. Nilichokikuta ni kisa kikubwa kuliko hiyo riwaya, kwani magari haya ambayo leo yanathaminiwa kwa kutobadilishwa, kumbe yalizaliwa kwa kubadilishwa.

Tuanze mwaka 1963. General Motors, kampuni mama ya Pontiac, ilikuwa imezipiga marufuku kampuni zake zote kujihusisha na mashindano ya mbio. Tena ilikuwapo sheria ya ndani kwamba gari la ukubwa wa kati lisitiwe injini inayozidi inchi za ujazo 330, yaani kama lita 5.4 hivi. Pontiac ilikuwa imejijengea jina kwa mbio, na sasa imefungwa mikono. Mhandisi wake mkuu, John DeLorean, alikuwa na desturi ya kukutana na wenzake siku za Jumamosi kwenye uwanja wa majaribio wa kampuni huko Milford, Michigan. Siku moja wakawa wanalikagua gari dogo la Tempest, ambalo lilitumia injini ya inchi 326. Bill Collins, mmoja wa wahandisi hao, akasema kwamba ile injini kubwa ya inchi 389, ya lita 6.4, kwa nje ina umbo lilelile la hiyo ndogo. Itaingia palepale bila kukata chochote.

Wakaipachika. Gari likatoka pale kama limechokozwa na nyuki.

Ile sheria je? Hapo ndipo ujanja ulipo. Sheria ilihusu magari, haikusema neno juu ya vifaa vya ziada ambavyo mnunuzi anaweza kuviagiza. Basi hawakutangaza gari jipya. Walitangaza furushi la nyongeza kwa ajili ya Tempest LeMans, la dola zipatazo 296, wakaliita GTO, jina walilolichukua kwa Ferrari bila hodi. Mkuu wa mauzo, Frank Bridge, hakuamini, akakubali yatengenezwe 5,000 tu. Mwaka huo wa kwanza, 1964, yaliuzwa 32,450. Mwaka 1966 yakafika 96,946. Kampuni nyingine zikafuata mbio mbio, kila moja na lake, na jamii hiyo yote Wamarekani wakaiita magari ya misuli.

Nataka msomaji alishike hilo. Hili halikuwa gari lililosanifiwa kwa miaka kumi na wazee wenye tai. Ilikuwa injini ya gari moja imetiwa ndani ya gari jingine, kazi ambayo vijana wa Marekani walikuwa wakiifanya uani kwao tangu zamani. Kiwanda kiliwaiga wao.

Na vijana nao hawakukaa kimya. Lilikuwapo duka moja la Pontiac pale Royal Oak, nje kidogo ya Detroit, likiitwa Royal Pontiac. Ukilipeleka gari lako hapo walikubadilishia gasketi, jeti za kabureta na mpangilio wa cheche, nawe ukaondoka na gari walilolibatiza jina la Bobcat. Magari mawili yaliyotayarishwa na duka hilo ndiyo yaliyopewa gazeti la Car and Driver lililoandika, toleo la Machi 1964, kwamba GTO inaweza kutoka kusimama hadi maili 60 kwa saa katika sekunde 4.6. Nchi ilitetemeka. Miaka mingi baadaye Jim Wangers, yule mtaalamu wa matangazo aliyeyapeleka, alikiri kwamba moja lilifichwa injini ya inchi 421 chini ya boneti. Yaani hata gari lililoipa GTO sifa yake duniani lilikuwa na injini ya gari jingine! Kwa kipimo cha wanunuzi wa leo, gari hilo namba zake hazilingani, bei ishuke.

Enzi yenyewe haikudumu. Kampuni za bima zilianza kumtoza kijana wa chini ya miaka 25 pesa za kumkatisha tamaa. Mwaka 1970 ikapitishwa sheria ya hewa safi, na magari ya 1971 ya General Motors yakatoka na injini zilizopunguzwa mgandamizo ili ziweze kutumia petroli yenye risasi kidogo. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikaiwekea Marekani vikwazo vya mafuta, foleni zikaanza vituoni, na gari linalokunywa petroli kama ngamia likawa aibu ya familia. GTO ya mwisho wa zamani zile, ya mwaka 1974, iliuza 7,058 tu. Kwisha habari yake.

Miaka iliyofuata ndiyo ninayoipenda mimi, ingawa vitabu vingi huipita haraka. Magari haya yakawa mitumba. Mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani aliweza kulinunua kwa akiba ya kibarua cha likizo. Akalibandua rimu za kiwandani akatia pana, akainua nyuma, akatoboa boneti kabureta zipate hewa, akatia ekzosi ya kelele, na Jumamosi usiku akalipeleka barabarani kushindana. Injini ikipasuka, ananunua nyingine kwa watu wa vyuma chakavu. Ya zamani inatupwa, nani aihifadhi? Zaidi ya hapo kulikuwa na chumvi inayomwagwa barabarani huko kaskazini wakati wa theluji, ambayo ilitafuna milango na chesisi kimya kimya. Mengi yaliliwa hivyo hivyo, au yalikunjwa kwenye nguzo za umeme. Lakini yalikuwa yakitumika, na wenye kuyatumia walikuwa na umri uleule ambao matangazo ya 1964 yaliulenga.

Halafu vijana wale wakazeeka, wakapata pesa. Wakayakumbuka. Kufikia miaka ya 1980 bei zikaanza kupanda, na pesa zilipoingia likazuka swali ambalo halikuwapo. Nitajuaje kwamba ninalonunua ni lenyewe?

Hapa ndipo ununuzi ulipogeuka kazi ya upelelezi. Mnunuzi mwerevu huja na sumaku, akaipitisha kwenye bati polepole. Inaposhika, ni chuma. Isiposhika, chini ya rangi ile nzuri kuna puti, na chini ya puti kuna kutu. Lakini hilo ni jepesi, hata mafundi wetu wa bodi wanalijua. Kazi ni kwenye utambulisho. GTO za 1964 na 1965, kwa kuwa zilikuwa furushi la nyongeza, namba ya gari haisemi kama ni GTO au LeMans ya kawaida. Tapeli huchukua LeMans ya bei poa, akalipachika nembo na injini ya 389, huyo sokoni. Kuanzia 1966, GTO ilipofanywa aina kamili, namba yake huanza na 242, na hapo mambo yakawa afadhali. Kwa Pontiac kuna bahati kwamba kumbukumbu za kiwandani zilisalia, na ofisi iitwayo Pontiac Historic Services hukutolea nakala kwa malipo. Wa Chevrolet kwa kawaida hawana bahati hiyo. Wao hufumua viti na kuteremsha tangi la mafuta, maana wafanyakazi wa kiwandani waliacha humo karatasi ya maagizo ya gari, na ikipatikana, hata kama panya wameitafuna nusu, inaongeza bei kuliko rangi mpya.

Na injini? General Motors ilipoanza, mwaka 1968, kugonga sehemu ya namba ya gari kwenye injini yake, haikuwa kwa ajili ya wakusanyaji. Ilikuwa kuwazuia wezi. Baadaye namba hizo zikawa ndizo hati ya ndoa. Injini na gari vikisomana, bei inaruka. Visiposomana, inaanguka. Matapeli wakajifunza kusugua namba ya zamani na kugonga nyingine, na wakaguzi nao wakajifunza kutazama michirizi midogo iliyoachwa na kisu cha mashine ya kiwandani, ambayo msasa huifuta. Mchezo wa paka na panya mpaka leo.

Sasa fikiri ni gari gani lililobaki na injini yake. Si lile lililoshinda Jumamosi usiku, hilo lilipasua injini zamani. Mara nyingi ni lile la mtu mtaratibu, aliyelinunua akaliogopa, akalifunika turubai. Kadiri gari lilivyoishi kidogo, ndivyo lilivyo na thamani.

Ushahidi mkubwa ni Plymouth Hemi 'Cuda ya paa la turubai ya mwaka 1971, injini inchi 426, karibu lita saba. Zilitengenezwa 11 tu. Usidhani kampuni ilitaka ziwe adimu. Watu hawakuzitaka! Injini ile peke yake iliongeza bei kwa zaidi ya dola 800, na bima ikawa balaa. Moja kati ya hizo, yenye gia za mkono, ilipigwa mnada Seattle mwaka 2014 kwa dola milioni 3.5. Gari lililododa dukani!

Sisemi wakusanyaji ni wajinga. Bila wao, mengi yangekuwa nondo. Ila wanapoisafisha injini mpaka ing'ae kuliko ilivyotoka kiwandani, wakafuta alama zote za mtu aliyeliendesha, huwa najiuliza wanahifadhi historia ya nani. Kiwanda kilikuwa na gari lile siku moja. Vijana walikuwa nalo miaka ishirini.

Wapo wanaokataa mtindo huo. Hao huchukua bodi ya zamani wakaitia, kwa mfano, injini ya Chevrolet iitwayo LS3, lita 6.2, nguvu za farasi 430, na breki za kumwezesha mtu kurudi kwake salama. Kwa gari la kawaida lililokwisha kupoteza injini yake, naona wako sawa kabisa, na minada ya siku hizi imeanza kuwalipa vizuri. Kwa gari ambalo bado lina kila kitu chake, wenye busara hutumia boliti badala ya gesi ya kukatia, na kila kilichofunguliwa hutiwa sandukuni kikaandikwa jina. Siku yoyote kinaweza kurudi.

Na lipo moja lililowachanganya wahasibu wote. Ni Ford Mustang ya kijani ya 1968, aliyoiendesha Steve McQueen katika filamu ya Bullitt. Watengenezaji wa filamu hawakulionea huruma. Waliliimarisha springi, wakalitoboa ili wafunge kamera, wakalirusha kwenye vilima vya San Francisco. Mwaka 1974 mtu mmoja wa New Jersey alilinunua kwa dola 6,000, na mkewe akawa analiendesha kwenda kufundisha shule. McQueen aliandika barua mwaka 1977 akiomba kulinunua, hakupewa. Karibu mwaka 1980 klachi ikafa, likawekwa ndani. Januari 2020 lilipandishwa mnadani Kissimmee, Florida, bodi imechakaa, rangi imefifia, kutu inaonekana, mashimo ya kamera yapo vilevile na hakuna aliyethubutu kuyaziba. Zabuni ilianzia dola 3,500, bei iliyokaribiana na ya gari lilipokuwa jipya. Nyundo iligongwa kwenye milioni 3.4, na pamoja na ada ya mnada mnunuzi, ambaye hakutaja jina lake, akalipa milioni 3.74.