Walioshangilia Upande wa Pili

Novemba 2008, mjini Grapevine, Texas, shule ya Kikristo ya Faith ilicheza na Gainesville State. Mpira wenyewe ule wa Kimarekani, wa kubeba mkononi na kuangushana. Usifikirie soka yetu. Gainesville ni shule ya marekebisho, yaani jela ya vijana. Walikuja na walinzi. Msimu mzima hawakuwa wameshinda hata mechi moja, na wa kuwashangilia hawakuwa nao.

Kocha wa Faith, Kris Hogan, akawaandikia watu wake: nusu yenu kaeni upande wa wageni, muwashangilie kwa majina yao. Hebu fikiria, mzazi, unamshangilia anayemwangusha mwanao! Mchezaji wake mmoja alimuuliza kwa nini. Lakini watu wakafanya, tena wakapanga mistari miwili ili vijana wale wapite katikati wakiingia uwanjani.

Faith ilishinda 33 kwa 14. Ila waliofungwa ndio waliommwagia kocha wao kinywaji kwa furaha, kama mabingwa. Kijana wao mmoja akaomba kuongoza sala, akamshukuru Mungu: hakujua kama kuna watu wengi hivyo wanaowajali.

Wakarudi kwenye basi na walinzi wao, kila mmoja na mfuko wa chakula, Biblia, na barua kutoka kwa mchezaji wa Faith.