Mapanga Yakilazwa

Wiki iliyopita nilikuwa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam nikimsubiri mgeni, nikaiona ATR imeegeshwa, injini zimezimwa, mapanga ya rafadha zake yamegeuzwa ubavu, makali yakitazama mbele. Kijana aliyesimama kando yangu akauliza, "Mzee, haya yamepinda?" Nikamwambia hayakupinda, yamelazwa.

Mpiga makasia akirudisha kasia hulilaza ili lisikamatwe na upepo. Kwa rafadha ni hivyo hivyo. Ndege ya injini mbili ikifiwa na injini moja angani, upepo huendelea kuizungusha rafadha ya injini ile, na rafadha inayozungushwa bure ni kizuizi kikubwa. Huivuta ndege upande mmoja, na injini iliyobaki yaweza kushindwa kuibeba. Dawa yake ni kuyageuza mapanga mpaka yakate upepo kwa ukingo.

Rafadha za mwanzo hazikuweza hilo, maana mapanga yalikazwa kwa pembe moja tu. Frank Caldwell na wenzake wa kampuni ya Hamilton Standard, huko Marekani, walipewa tuzo ya Collier ya mwaka 1933 kwa rafadha inayobadili pembe, na kabla ya muongo ule kwisha wakaleta inayolazwa kabisa. Rubani wa DC-3 alibonyeza kitufe, pampu ya umeme ikasukuma oili, mapanga yakalala. Kuyaamsha, alikibonyeza tena na kukishikilia.

Katika ndege nyingi ndogo za pistoni mambo ni kinyume: oili ndiyo inayoyazuia yasilale, na ikivuja yote, springi huyalaza yenyewe. Ila kuna vipini vinavyojifunga injini ikipunguza mizunguko, ili mapanga yasilale kila inapozimwa uwanjani. Rubani akichelewa, basi, huenda asiweze kuyalaza tena. Kuyaamsha, baadhi huwa na mtungi wa oili iliyoshindiliwa. Nyingine hutegemea starta.

Lakini nani ahakikishe kwamba rafadha inayolazwa ndiyo yenyewe? Mjini Taipei, tarehe 4 Februari 2015, rafadha ya kulia ya ATR ilijilaza muda mfupi baada ya ndege kuruka. Rubani akazima injini ya kushoto, iliyokuwa nzima. Kati ya watu 58, 43 walikufa. Marubani hufundishwa kanuni moja rahisi: mguu usiosukuma kanyagio ndio ulio upande wa injini iliyokufa. Lakini hofu haina subira.

La Pokhara, Nepal, tarehe 15 Januari 2023, ndilo lililonisumbua zaidi. ATR nyingine ilikuwa inakaribia kutua, haina hitilafu yoyote. Rubani mmoja akaomba vibawa vya nyuma ya mabawa vishushwe zaidi. Mwenzake akaitikia, lakini mkono wake ukashika mipini ya rafadha, iliyo jirani na mpini wa vibawa. Rafadha zote mbili zikalala. Injini zilikuwa bado zinafanya kazi, ila hapakuwa na kinachoisukuma ndege. Haikupita dakika moja ikaanguka korongoni na watu wote 72.

Kijana akanyamaza, kisha akauliza kama mipini hiyo inafanana. Nikamwambia imeundwa kwa maumbo tofauti, ili mkono uitambue hata gizani.