Sanduku la Dawa na Njia ya Unyanyembe

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini wako wagonjwa ambao hawakuficha kitu, na dawa ikawapotea njiani. Njia kuu ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora hadi Ujiji, iliwaona wengi wa namna hiyo.

Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, kijana aliyechukua sanduku la dawa la David Livingstone alibadilishana mzigo na mwenziwe. Aliyelipokea akatoroka nalo msituni. Livingstone alikuwa tabibu aliyesomea. Tangu siku hiyo akabaki na elimu bila ya dawa. Mwanzoni mwa 1869 akaugua mapafu, akabebwa kwa machela, na mwezi wa Machi akafika Ujiji akitaraji shehena aliyopelekewa kutoka Unguja. Akakuta imeporwa. Dawa nazo zilikuwa zimeachwa Unyanyembe, kwenye mji wa Tabora, mwendo wa siku 13. Zilinunuliwa, zikafungwa, zikavuka bahari, zikakwama ghalani.

Wapagazi hawakuwa hata na ghala la kulingojea. Ndui na kipindupindu vilisafiri pamoja na misafara, na aliyeshindwa kwenda aliachwa kando ya njia. Jina la Livingstone limehifadhiwa vitabuni. La mpagazi yule limekwenda na vumbi.

Utabibu wenyewe haukuwa kinga. Oktoba 1873 Chuma na Susi na wenzao waliufikisha Tabora mwili wa Livingstone, wakaukuta hapo msafara wa Cameron. Tabibu wa msafara huo, Dillon, alikuwa hoi kwa homa na kuhara. Akafuatana na jeneza kuelekea pwani, na Novemba, akiwa amezidiwa na maradhi, akajipiga risasi huko Kasekera. Wataalamu wa zama zile waliamini kuwa homa hiyo huletwa na hewa mbaya ya mabwawani. Mwaka 1897 ndipo Ronald Ross alipoviona vimelea vya malaria ndani ya mbu.

Ujinga wa zama zile una udhuru wake. Novemba 2007 hapakuwa na udhuru. Katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, walibadilishwa wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Madaktari walikuwapo, vifaa vilikuwapo, dawa zilikuwapo. Ila hapakuhakikiwa ni nani aliyelala juu ya kitanda.

Tangu mzigo wa 1867 hadi vitanda vya 2007 ni miaka 140, na kosa ni lile lile: kitu kutoka mkono hadi mkono bila ya mtu kuuliza ni cha nani. Tiba huanza pale mgonjwa anapoulizwa jina lake, na jibu lake likasikilizwa mpaka mwisho.