Sarafu za Masultani wa Kilwa: Ushahidi wa Fedha na Dhahabu

Katika miji ya Wayunani wa kale, sarafu ilikuwa tangazo la enzi. Athene ilipiga sarafu kwa fedha ya machimbo yake ya Laurion na kuzitia picha ya bundi; wafalme waliomfuata Alexander walitia nyuso zao wenyewe. Mwambao wa Afrika Mashariki nao ulikuwa na miji iliyojipigia sarafu. Makala haya yanachunguza sarafu za Kilwa Kisiwani, kwa lengo la kuonyesha jinsi kipande kidogo cha madini kinavyoweza kusahihisha tarehe za wanahistoria.

Sarafu za Kilwa hazina sura ya mtu. Upande mmoja una jina la mtawala. Upande wa pili una maneno ya Kiarabu ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, yenye kina kimoja na jina hilo. Hivyo, jina la al-Hasan lilijibiwa na neno al-minan, yaani fadhila. Mwaka haukuandikwa, wala thamani. Hapo ndipo tatizo la mwanahistoria lilipoanzia.

Tarehe ya Kilwa humtaja Ali bin al-Hasan kuwa mwanzilishi wa ukoo wa Kishirazi. Neville Chittick, aliyefukua magofu ya Kilwa katika miaka ya 1960, aliuweka utawala wake mwishoni mwa karne ya 12. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, ikapatikana hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, baadhi zikiwa na jina la Ali bin al-Hasan, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka ng'ambo. Dinari zilikuwa na miaka, na ya mwisho ni ya karibu 1066. Ni kweli kwamba dinari hiyo huthibitisha tu kuwa hazina haikufukiwa kabla ya hapo. Hata hivyo, kwa kuwa hakuna dinari ya baadaye, ni vigumu kuepuka hitimisho kwamba Ali aliishi katika karne ya 11. Dhahabu ya kigeni ikawa shahidi wa fedha ya wenyeji.

Kuhusu dhahabu ya Kilwa yenyewe, Helen Brown alichapisha mwaka 1991 habari za sarafu tatu za al-Hasan bin Sulaiman, sultani aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331. Uchache wake unafikirisha, maana Kilwa ilitajirika kwa dhahabu iliyopitia Sofala. Yaelekea dhahabu nyingi ilisafirishwa ng'ambo, na soko la mji likaachiwa shaba. Sarafu moja ya shaba ya sultani huyo ilifika hadi Zimbabwe Kuu.

Lakini sarafu kusafiri si ushahidi wa dola kuenea. Bara, huko Katanga, misalaba ya shaba ilitumika katika biashara bila jina la mfalme yeyote. Neno nalo lilisafiri mbali: hadi Kivu, Masisi na Walikale, wasemaji wa Kiswahili huita pesa feza, jina la madini yale yale ya Mtambwe.

Hapana budi, basi, kila sarafu iandikwe mahali ilipofukuliwa na vilivyokuwa kando yake. Zile za Mtambwe zingetolewa ardhini bila dinari zake, zingebaki majina yasiyo na karne.