Kiti cha Pweza: Historia Fupi ya Jina

Mwaka 1733, Johann Heinrich Linck, mwuza dawa wa Leipzig huko Ujerumani, alichapisha kitabu cha Kilatini juu ya wanyama aliowaita nyota za bahari. Mwaka 1758 Linnaeus aliwaita Asterias, jina litokalo katika neno la Kiyunani lenye maana ya nyota. Wenyeji wa pwani yetu hawakutazama mbinguni. Walitazama bahari yenyewe, wakasema kiti cha pweza.

Siku hizi baadhi ya wafasiri huandika "samakinyota". Neno hili halifai, kwa kuwa mnyama huyu si samaki: hana uti wa mgongo wala mapezi, na hutembea kwa vijiguu vingi vinavyoendeshwa kwa maji.

Shida yaanza tunapotaka kuwataja wale wadogo wa bahari za joto. Wengi wao hawafikii upana wa sentimita 3. Hujificha chini ya mawe na vipande vya matumbawe katika maji mafupi. Baadhi yao huzaliana kwa kujigawa: kila nusu huotesha mikono iliyopungua, ndiyo maana mikono yao mara nyingi hailingani. Mwaka 1834 Nardo aliunda jina Asterina, yaani kinyota, na wengi wa wadogo hawa waliwekwa humo. Mwaka 2004 O'Loughlin na Waters waliwatenga baadhi yao katika jenasi ya Aquilonastra. Jina lilibadilika, lakini nyota ilibaki ndani yake.

Nasi yafaa tufanye vivyo hivyo: tubakize shina, tuongeze sifa. Lakini sifa ipi? "Kijiti" kitaeleweka kuwa ni mti mdogo. "Kiti cha pweza mdogo" kinampunguza pweza, wala si kiti. "Kiti cha pweza kidogo" ni sahihi kisarufi, ila mwanafunzi atadhani ni mtoto wa yule mkubwa. "Cha mawe" hudokeza kwamba kimeundwa kwa mawe.

Kwa hiyo twapendekeza kiti cha pweza cha maweni. Kiambishi -ni chaonyesha mahali, na mahali ndipo panapomtambulisha mnyama huyu. Mwalimu atakayelitumia jina hili atakuwa amekwisha kumwambia mwanafunzi wake pa kumtafuta maji yakupwapo. Na amkumbushe kulirudisha jiwe kama alivyolikuta.